El Camino ya Kumbeba Arlène

Habari ilitoka kwenye simu ya Joël, mlinzi wa duka la vyombo hapa Kensington. Mtu mmoja wa Turffontein ametangaza kukodisha baki mbili, yaani pikapu, za Kimarekani kwa harusi: El Camino ya mwaka 1970 na nyingine ya 1978. Joël anamwoa Arlène Jumamosi ijayo, na alitakiwa kujibu kabla ya saa sita mchana anachukua ipi. Kwa hiyo akaja kutuuliza sisi, tunaokalia makreti ya soda mbele ya mkahawa wa Mama Apondi. Hapo ndipo alipokosea.

Gustave, fundi bodi kutoka Lubumbashi tunayemwita Daktari, aliitazama picha ya ile ya 1978 kama mtu anayetazama nzi kwenye supu.

"Hii ni lile dume la sabini, limelazwa hospitali miezi mitatu, limekonda."

Kiprotich hakukubali. Huyu ni wa benki kule Midrand, jina lake la hapa ni Meneja, na hata Jumamosi viatu vyake hung'aa.

"Hiyo yako boneti ikifika kwenye taa za roboti, dereva bado yuko mtaa wa nyuma," alisema. "Hii ya 1978 ni fupi, ni nyepesi, ina adabu."

"Adabu ya karani. Weye unaendesha kagari kanalia kama mashine ya kunyolea, utanifundisha injini?"

Nilijaribu kusema kwamba ya kwanza ina nguvu zaidi na ya pili ni rahisi kuegesha, kwa hiyo inategemea barabara. Hakuna aliyegeuka.

Ndipo Daktari akaweka kikombe chini.

"Joël, miye ndiye parrain wako, msimamizi wa ndoa. Siwezi kufika kanisani na gari ya kutia aibu. Ni ile ya sabini, ao mutafute parrain mwingine."

Joël alitoa simu. Kanisani kwao ndoa haifungwi bila wasimamizi, na siku zilibaki saba. Aliandika "1970", akatuma. Jibu likarudi palepale: imeshawekwa, hakuna kubadilisha.

Mama Apondi alikuwa akisuuza vikombe.

"Ina viti vingapi?"

"Kimoja kirefu," alisema Daktari kwa fahari. "Watu watatu."

"Dereva, Joël, Arlène na lile gauni." Alihesabu kwa vidole vilivyolowa. "Na kwenu si parrain na mkewe hupanda gari moja na maharusi?"

"Ndiyo desturi. Hatuachane nao mpaka..."

Sote tuliinamia picha. Nyuma ya kile kiti palikuwa na tumbo la baki, wazi, la kubebea mchanga.

"Angélique ameshanunua kofia," alisema taratibu. Angélique ni mkewe.

Meneja alifuta vumbi kwenye kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

"Kwenye kona ushike vizuri, Daktari. Kule nyuma ya dume lako hakuna mkanda."

Daktari alisimama, akalitazama kreti alilokuwa amelikalia, akalibonyeza kwa mguu.

"Mama Apondi, Jumamosi unatumia haya mawili?"