Majembe ya Babu, Lipa Kwanza

Jumatatu, 7 Februari 1994

Ukungu mpaka saa tatu. Ukungu wa Ufipa una harufu ya majani mabichi na moshi wa jikoni. Zaidi ya miaka arobaini nikiwa Tanga, kwanza kukata mkonge, kisha kusahihisha chapa katika kiwanda cha uchapaji, niliutafuta puani nisiupate. Sasa naupata bure kila asubuhi kupitia dirisha la dada yangu Bertilla. Raha!

Kibao cha kampuni kimekauka. Nimekitundika juu ya mlango wa banda la mbuzi, ambalo kwa sasa ndilo ofisi: KAMPUNI YA CHUMA CHA UFIPA. MAJEMBE YA BABU. KENGELE ZA NG'OMBE. AGIZA SASA, LIPA KWANZA. Bertilla kauliza mbuzi watalala wapi. Nimemjibu kwamba kampuni zote kubwa zilianza kwa usumbufu.

Mpango ni rahisi. Biashara ni huria, serikali yenyewe imesema. Madukani wameleta majembe ya nje, membamba kama vijiko. Mfipa atafukiaje majani kwenye tuta kwa kijiko? Babu zetu walipata chuma chao wenyewe katika ilungu, tanuru refu la udongo wa kichuguu, na jembe lao lilikuwa pana kama sinia. Ilungu la babu yangu bado limesimama nje ya mji, limebomoka upande mmoja tu. Nalikarabati, nalichoma, nafua majembe. Watu wananipa arubuni tangu Novemba: huyu debe la ulezi, huyu majogoo, huyu fedha. Niliahidi majembe kwa Krismasi. Halafu kwa Epifania. Sasa nasema kabla ya Kwaresima.

Wateja wananipenda mno! Kutwa wanakuja kunisalimu. Mama Otilia, jirani yetu, amepiga makofi ya adabu ya salamu, kauliza habari za usingizi, za miguu, za kifua changu, akaondoka. Jembe hakulitaja hata kidogo. Katekista Adolfu naye vivyo hivyo. Tanga nilikaa ukuta kwa ukuta na bwana mmoja hadi nikastaafu, hakujua kama nina kifua.

Jumatano, 9 Februari

Wageni zaidi. Mmoja kauliza kama nina safari yoyote karibuni. Mwingine kanishika mkono akaushikilia muda mrefu, kama daktari. Nilifurahi nikamwambia Bertilla kwamba kumbe sikusahaulika.

Bertilla kacheka mpaka kaweka ungo chini. Kasema mimi ni mjinga niliyesoma. Mfipa hadai, anasalimia. Wanakuja kuangalia kwanza kama bado nipo, pili kama bado napumua, maana nikifa nimekufa na majembe yao. Majani yanakomaa, yakishakauka hayafukiki, na bila matuta mwakani hakuna ulezi. Kasema Otilia amemuuliza kisimani, kwa sauti ya chini, kama na kampuni nayo inapumua.

Nimemwambia hajawahi kukaa ugenini, hajui thamani ya salamu.

Ila nimeanza kukohoa kwa uangalifu.

Ijumaa, 11 Februari

Nimekagua ghala la kampuni. Ulezi: chini kabisa. Majogoo: hakuna. Hii ni kazi ya Enock, fundi wangu kutoka Msanzi. Baba yake alikuwa mfua chuma, na Enock anasema anakumbuka kila kitu. Anachokumbuka zaidi ni dawa za tanuru. Kila tundu la tanuru linadai jogoo wake, na jogoo sharti aliwe na fundi, papo hapo, na ugali wa ulezi. Tanuru lina matundu mengi. Enock amenenepa.

Saa sita kafika Kashinje, mfugaji kutoka Ilemba, bondeni. Yeye alinipa mtamba mwekundu kwa ajili ya kengele za kundi zima. Shikamoo aliitoa kwa heshima zote, kisha akasema hakupanda mlima wote ule kuja kujua nimelalaje. Anataka kusikia kengele. Kama hakuna kengele, anataka kumwona mtamba. Nikamwonyesha mtamba. Alikuwa ndani ya maharage ya Bertilla, mpaka mabegani. Kashinje kasema angalau kuna mmoja katika kampuni hii anayefanya kazi. Atalala kwa Wasukuma wenzake mjini mpaka nichome tanuru.

Jioni kaitwa Wilibrodi, binamu yangu, mkubwa wa ukoo. Bertilla ndiye aliyemwita. Nilitoka kidogo nje ya mada, nikaongea habari za mahame ya baba. Pale tulipozaliwa sote, kabla watu hawajahamishiwa kijijini mwaka sabini na nne, sasa ni shamba la ukoo. Tangu nirudi naomba kipande chake, hata upana wa kanga mbili, nijenge, nife, nizikwe pale. Wilibrodi kasema analijua ombi langu. Kikao kitakaa Jumamosi ya wiki ijayo. Kasema aliyerudi na majembe amerudi nyumbani. Aliyerudi na maneno yuko safarini.

Maisha yangu yote yaliyobaki yanategemea tanuru hilo. Ni lazima liwake.

Jumapili, 13 Februari

Baada ya misa nimepita dukani kwa Valerian. Kijana wa jana, anauza majembe ya nje, redio na mabati. Kapanga majembe yake mbele ya duka kama sahani za harusi. Vijana wa pale wakaniita Mzee Mkonge. Valerian kasema, shikamoo mzee, tumesikia kampuni yako inatoa majogoo badala ya majembe, au ni kinyume? Kicheko. Kasema akinionea huruma ataniuzia yake kwa bei ya jumla, niyapake masizi.

Wazo hilo nilikuwa nimelifikiria Alhamisi. Nimeudhika kwamba analo pia.

Nimesimama juu ya jiwe palepale nikatangaza: Jumanne tanuru linawaka. Wateja wote waje na watoto wao. Makofi! Nilipokuwa na umri wa miaka mitano nililetwa kwa babu mgongoni mwa mama kuona ilungu likiwaka. Nakumbuka matundu yalivyokuwa mekundu chini, kama mnyama mwenye macho mengi, na wanaume wakizungumza taratibu sana. Mama aliniambia pale hakuna anayegombana. Neno kali likitamkwa karibu na tanuru, chuma kinakataa kutoka. Hakuna kubishana, hakuna kusahihishana. Nimelifanya hilo kuwa sharti la kwanza la kampuni. Enock amekubali kwa moyo wote.

Jumanne, 15 Februari

Siku kuu! Nimevaa koti la kustaafia. Watu wamejaa kilimani, wameketi kwenye nyasi, akina mama na vikapu. Harufu ya udongo mbichi. Nilifumba macho nikasikia sauti za watu waliokufa zamani.

Nikasoma sharti: leo hapa hakuna kumpinga mtu. Wote wakaitikia kwa unyenyekevu.

Mkaa uliletwa asubuhi na Gabriel, mchoma mkaa wetu. Ulikuwa unang'aa sana. Nilimuuliza kama uko tayari. Gabriel kautazama, kanitazama, katazama watu, kasema umependeza, mzee. Nikauliza kama matundu yatazamane na upepo au yaupe mgongo. Nikaamuru yaupe mgongo, ndivyo nilivyoona kwenye kumbukumbu. Enock kasema kumbukumbu ni kitu kikubwa. Mawe ya chuma tukayamimina juu. Adolfu akauliza, kwa upole kabisa, kama yale mekundu ndiyo mawe au ni matofali. Nikamkumbusha sharti. Akaomba radhi.

Tukawasha. Moshi mweupe. Moshi mweupe zaidi. Baada ya hapo ukungu, kisha mvua, na tanuru likazimika likinong'ona. Nimekaa miaka mingi duniani, sijapata kuona watu wengi wakinyamaza kwa adabu kiasi kile.

Njiani kurudi, tulipovuka kijito na tanuru halituoni tena, midomo ikafunguka. Gabriel kasema mkaa ulinyeshewa usiku kucha, ulikuwa unang'aa maji. Enock kasema mtoto yeyote wa Msanzi anajua matundu huelekea upepo. Adolfu kasema yalikuwa matofali, tena ya kanisa la zamani. Otilia kasema yeye aliona yote matatu. Nikauliza kwa nini hawakusema. Wakashangaa. Si nilikataza?

Kashinje peke yake alitembea nyuma akicheka, akisema Wafipa ni watu wazuri sana, wanaweza kuzama mtoni wakikaribishana nani apite kwanza.

Jumatano ya Majivu, 16 Februari

Padre alipofika kwangu kanitazama paji la uso. Masizi ya jana hayakutoka. Kasita kidogo, kaniwekea majivu juu yake.

Leo hakuna aliyekuja kunisalimu. Hata mmoja. Nimekaa mlangoni mwa ofisi kutwa. Nimekohoa kwa sauti. Njia tupu. Hata Tanga kulikuwa na king'ora cha kiwanda.

Jumamosi, 19 Februari

Kikao. Uani kwa Wilibrodi, wateja wote. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya uchumi huria na subira. Niliifikisha hadi neno la pili.

Otilia kasimama. Kwanza kanisalimu, kifua, miguu, usingizi. Kisha kasema hana neno, ila majani ya shambani kwake yana neno, yameanza kuwa manjano. Akaketi. Watu wakaguna. Kwa Ufipa hayo ni matusi ya nguoni.

Kashinje katangaza kwamba yeye anamchukua mtamba wake, kwa sababu amenenepa kwa maharage ya Bertilla na hiyo ni riba tosha. Kengele haitaki tena. Kasema Bertilla alipokuwa akimfukuza yule mtamba kwa makelele, kundi lake lote lilisikia kule Ilemba likarudi zizini. Bertilla kacheka kuliko wote.

Nikabaki mimi. Nilisema ukweli: ulezi umeliwa, majogoo wameliwa, fedha imekuwa kibao na mkaa. Nikasema kama ukoo unataka, nitapanda basi la Jumatatu nisiwatie aibu tena.

Wilibrodi kauliza nitakwenda wapi. Kauliza kama mikono yangu bado inafanya kazi. Nikasema inasahihisha chapa. Kasema basi itasahihisha majani. Uamuzi: nitawalimia wateja, mmoja baada ya mwingine, matuta kwa matuta, mpaka kila mtu aseme basi. Enock atalima pamoja nami, kwa ajili ya majogoo. Jembe nitumie lolote. La dukani limekubaliwa.

Jumatatu, 28 Februari

Mgongo! Naandika kwa kulala kifudifudi.

Wiki nzima mashambani. Unakata majani mabichi, unayalaza duara, unayafunika kwa udongo uliogeuzwa, unapata tuta la mviringo kama kofia. Tuta langu la kwanza Otilia alilizunguka mara mbili, kauliza kama kuna mtu nimemzika humo. Majembe ya Valerian yanapinda, tunayanyoosha kwa mawe, yanapinda tena. Enock amepungua na analalamika kukosa dawa.

Wakati wa mapumziko wanawake wanatuletea togwa, maana pombe imepumzishwa kwa Kwaresima. Tunakaa kwenye nyasi. Wananitania. Hawaniiti tena Mzee Mkonge, wananiita Mkurugenzi. Mkurugenzi, tuta lako limelala! Mkurugenzi, lete mgongo mwingine! Leo, katika shamba alilotupeleka Wilibrodi, nililima nikakuta, chini ya majani, nusu ya jiwe la kusagia. Nilikaa nalo. Wilibrodi kanifuata kasema ndiyo, hapa ndipo lilipokuwa jiko la mama yako, hukujua unalima wapi?

Sikujua. Ukungu ulikuwa mzito asubuhi.

Kisha kaweka vijiti vinne pembeni ya jiwe. Kasema hicho ndicho kipande changu. Matuta yaliyomo ni yangu pia, nipande ulezi mvua zikianza. Sharti moja, na kaniapisha mbele ya Adolfu: nisipokee arubuni ya mtu yeyote maisha yangu yote. Nimeapa huku nikilia. Niko nyumbani!

Jumanne, 8 Machi

Mgongo umepona. Akili imechangamka. Nimesoma gazeti la wiki iliyopita kwa Adolfu: mashirika yanauzwa kwa hisa, nchi nzima. Hisa! Nimeisoma habari hiyo mara tatu, kwa jicho la msahihishaji. Arubuni ni mtu kulipia jembe ambalo hajaliona. Hisa ni mtu kulipia kampuni ambayo hajaiona. Ni vitu tofauti kabisa. Kiapo changu kiko salama.

Kosa la tanuru la kwanza lilikuwa mahali tu. Pale upepo unazunguka. Kwenye kipande changu upepo unakuja moja kwa moja kutoka bondeni.

Mwanahisa wa kwanza amepatikana, na hamtaamini: Valerian! Majembe yake hayanunuliki tena, watu wote wameyaona yakipinda mikononi mwangu. Amelipia hisa zake kwa majembe yenyewe, mkokoteni mzima. Kaondoka haraka sana akipiga mluzi. Nadhani ni haya ya kukubali kushindwa. Sasa sihitaji hata kutafuta mawe: nitayayeyusha. Chuma ni chuma.

Nimekwenda shambani kupima kwa hatua. Tanuru litakaa katikati. Matuta yote yatabidi yasawazishwe. Wilibrodi nitamwambia likishawaka.