Wiki ya Huduma na Jirani Yangu Dobi

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeamka na furaha, nalala na kidonda. Sababu ni Dobi.

Madam Mtandao alituita wafanyakazi wote kwenye baraza ya bwalo. Ni mwalimu wetu anayesimamia ule umoja wa shule za nchi mbalimbali, na jina hilo tumempa sisi huku nyuma, maana hawezi kuomba hata chumvi bila kuutaja mtandao. Akasema kesho wanafika wageni, wanafunzi wa shule wenzetu kutoka nchi nne. Watakaa na wetu wiki nzima. Watajifunza uongozi, watafundishana utamaduni, na Jumamosi watatoa huduma. Huduma yenyewe, sikiliza vizuri: watachagua nyumba ya mfanyakazi mmoja waitengeneze. Paa, milango, rangi, kila kitu. Na wanafunzi wenyewe ndio watakaochagua, yeye hatii mkono.

Nyumba moja tu!

Sijamaliza kuwaza, mpishi kapaza sauti: ya nini kuzunguka, si apewe Dobi? Wote wakaitikia. Dobi! Dobi! Mwenyewe kainama, anatabasamu, anakunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa.

Huyo ndiye Dobi. Anafua mashuka ya mabweni. Tunaishi ukuta mmoja, akipiga chafya namwambia pole bila kuinuka kitini. Watu wanampenda bila sababu yoyote. Mimi natunza stoo ya shule miaka nenda miaka rudi, na watu wakija kwangu ni kudai sabuni, wakiondoka ni kunung'unika.

Na jiko letu linavuja! Mvua zilizopita mke wangu alipika kashika mwiko mkono mmoja, mwavuli mkono mwingine. Nikamwambia leo kwamba Mungu amefungua njia. Akauliza kwa nini nisipande tu nikazibe vile vitundu, si Mkuu wa shule alishanipa ruhusa ya misumari na lami? Nikamweleza kwa upole kwamba paa lililozibwa na mume si sawa na paa lililojengwa na mataifa manne. Akasema mvua haijui tofauti. Akasema pia mvua zenyewe ziko karibu.

Jumamosi, nikamwambia. Subiri Jumamosi.

Jumanne, 7 Oktoba

Wageni wamefika. Watoto wazuri, wanasalimia hata paka. Yuko mmoja mrefu, machozi karibu. Alilia alipoagana na dereva wa basi, na walikuwa wamejuana tangu asubuhi tu.

Wametembezwa shule nzima. Kwa Dobi walikaa mpaka kengele ikalia. Aliwafundisha kukunja shuka kubwa watu wawili, mmoja anakwenda, mmoja anarudi, kama wanacheza. Vicheko! Picha! Wao nao wakamfundisha kusalimia kwa lugha zao, na sasa anapita njiani akisalimia watu kwa lugha za mbali. Alinisalimia mimi pia. Sikujua nimeulizwa nini, nikajibu sina.

Stoo kwangu wakakaa muda wa kuingia na kutoka. Nilianza kuwaeleza tofauti ya sabuni ya mche na ya unga. Yule Mrefu akapiga miayo.

Jioni nikasimama getini kuzitazama nyumba zetu mbili kwa jicho la mgeni. Zimejengwa pamoja, chini ya paa moja refu. Upande wa Dobi rangi imebanduka kama mgonjwa wa ngozi. Upande wangu, ole wangu, unang'aa. Niliupaka rangi mwenyewe mwaka jana, na nikajisifu kwa kila aliyepita. Hivyo vitundu vya jikoni huwezi kuviona mpaka ukae chini yake mvua ikinyesha.

Hapo ndipo wazo likanijia. Kama wanatafuta mwenye shida, shida si inaongezeka? Huo si uongo. Kila kitu cha dunia hii kitachakaa, maandiko yanasema. Mimi nawahisha tu.

Nimeliombea jambo hili. Sikusikia katazo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mgongo wangu! Nimekwangua rangi ya ukuta wa mbele kwa kijiko cha chuma. Nimefungua bawaba moja ya mlango, sasa unaning'inia kama mlevi. Nikapandisha stuli juu ya pipa, nikang'oa bati zima la jikoni, nikalisukuma chini ya kitanda chetu. Mbingu ikaonekana vizuri sana.

Mke wangu akarudi kutoka mazoezi ya kwaya. Akatazama sufuria. Akatazama juu. Akanitazama mimi. Akauliza ni mwizi gani huyo aliyeiba paa akaacha redio.

Nikasema ni upepo. Nikaongeza kwamba hiki ni kipindi cha kuwa na imani. Akasema imani anayo tangu utotoni, ila siku zote imekuwa na paa.

Sikuweza kumwambia. Nakuambia wewe tu, karatasi, wewe huna mdomo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wamekuja kukagua. Mbele yao Rais wa baraza la wanafunzi, binti mpole mwenye macho ya hakimu. Nyuma yake wageni wote. Nilivaa shati lililopasuka begani, na nikakohoa tangu wakiwa mbali ili wapate muda wa kuhuzunika.

Waliingia kwa Dobi kwanza. Nilitega sikio ukutani. Akawaonyesha alivyopanga makopo chini ya matone mvua zilizopita, alivyoshonea pembe ya dari gunia, na kitanda cha wanawe kilivyohamishwa mara mbili. Na anasimulia akicheka! Mtu gani anacheka kwake kukivuja? Anatafuta sifa.

Kwangu, Rais akainama akaokota magamba ya rangi. Akauliza, baba, mbona haya yameanguka yote leo? Nikasema upepo. Mrefu akataka kujua ulivuma kutoka wapi. Nikaelekeza kidole kwa Dobi. Ndivyo ilivyotoka, sikupanga.

Kisha Rais akaniuliza nyumba hii nimeitunzaje miaka yote hii. Hapo nikashikwa pabaya. Nikisema nimeitunza, sina shida. Nikisema sijaitunza, mimi mzembe. Nikakohoa mpaka wakaniletea maji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shika moyo, nisimulie kwa utaratibu.

Wanafunzi walipiga kura bwaloni mbele ya watu wote. Dobi! Mikono ikainuka kama mashina ya mahindi. Mrefu peke yake alininyooshea mimi mkono, akasema anamwonea huruma yule mama anayepikia juani.

Nikawa tayari kwenda nyumbani kuugua. Mara Dobi akasimama. Akashukuru, akasema lakini mnisamehe wanangu, mimi kwangu kunavuja, kwa jirani yangu hakuna kabisa cha kuvuja. Bati zima limeondoka. Mvua ziko mlangoni na shemeji yangu hana pa kupikia. Nendeni kwake. Mimi nimezoea makopo yangu.

Nimepata! Paa! Furaha ikanipanda kutoka magotini.

Ikafika kifuani, ikakutana na makofi. Makofi gani yale! Bwalo lilitetemeka. Mrefu akalia kwa sauti. Madam Mtandao akasema hiyo ndiyo maana halisi ya mtandao, akamvisha Dobi shingoni skafu ya buluu iliyoletwa na wageni kwa ajili ya kiongozi bora wa huduma. Mkuu akamshika mkono, akausahau mkono ule ndani ya mkono wake. Mpishi akapiga kigelegele.

Na mimi mwenye shimo? Hakuna aliyegeuka! Anayetengenezewa nyumba ni mimi, anayesifiwa ni yeye. Bila shimo langu huo wema wake angeufanyia wapi?

Mke wangu akaenda mwenyewe kumshukuru. Mezani akasema tuna jirani wa ajabu. Akanipakulia, akasema tena.

Sikumaliza chakula.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeharibu. Au sikuharibu. Sijui, soma uamue.

Wamekuja asubuhi wakiimba, wamebeba mabati mapya, rangi, nyundo. Mke wangu ametoa vyombo vyote nje, amefunga kitambaa kichwani, anameremeta. Madam Mtandao akaniomba niseme neno moja kabla hawajaanza.

Nilikuwa na neno la shukrani. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Lakini nikamwona Dobi pembeni, ana skafu yake shingoni, anawapa watoto maji ya kunywa, na kila aliyepokea kikombe anamtazama kama anatazama picha ya mtakatifu. Roho ikanichoma. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikasema mimi pia siwezi kupokea. Nikasema upendo haushindwi na upendo. Nikanyoosha mkono, wanangu, nendeni kwa ndugu yangu Dobi!

Sasa wewe unajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtu akikataa, unamsihi. Akikataa tena, unamsihi tena. Mwisho anakubali akifuta jasho, na kila mtu amepata yake. Ndivyo tulivyolelewa.

Makofi yalikuja, sisemi uongo. Matamu. Mrefu alinilowesha bega. Nikafumba macho nisubiri kusihiwa.

Rais wa wanafunzi akasema wiki nzima wamefundishwa kwamba kiongozi husikiliza anachotaka mtu, hamwamulii. Na mzee ameshasema anachotaka. Akaokota bati la kwanza, akahama nalo. Wengine wakafuata. Wakiimba.

Dobi akapinga, akasema haiwezekani. Nami, Mungu ananiona, nikampinga Dobi. Nilikuwa nimeshaanza, ningeachia wapi? Kadiri alivyosema hapana ndivyo nilivyomsukuma mabati.

Jua linazama na kwa Dobi kuna paa jipya, mlango mpya, ukuta wa buluu. Bati lao la mwisho linaishia pale shimo langu linapoanza. Skafu nyingine haipo, waliileta moja tu.

Mke wangu alirudisha vyombo vyote ndani, isipokuwa sufuria. Hiyo akaichukua akaenda kupika kwa mke wa Dobi.

Jumapili, 12 Oktoba

Mvua. Yote. Jikoni.

Ibadani mhubiri akatoa mfano wa majirani wawili walioshindana kutendeana mema. Wote wakajua ni sisi. Alimtaja Dobi kwanza.

Mchana mke wangu alitafuta ndoo ya kukingia maji, akainama chini ya kitanda. Akavuta bati. Akaliweka katikati ya chumba, akakaa kitandani kulitazama. Nilitamani anigombeze. Akaniuliza taratibu, Baba, upepo huu uliingiaje chini ya kitanda?

Nikamweleza. Yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kesho jioni bati hili liwe juu, ama yeye atakuwa kwa dada yake, na safari hii habebi begi dogo. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekabidhi stoo mapema. Mawingu meusi. Nimeziba vitundu vya bati kwa lami, nimelibeba uani, na nani huyo anakuja na ngazi begani na mfuko wa misumari? Dobi. Kasema kaka, tulimalize hili kabla haijanyesha. Ningemfukuza, lakini ngazi ilikuwa yake.

Akapanda yeye, nikashika ngazi mimi. Haya. Sasa kumbe leo ndiyo wageni wanaondoka, na njia ya kwenda kwenye basi inapita uani kwetu! Wakapita wote. Kila mmoja anatazama juu: Mzee Dobi, wewe mtu wa pekee! Mungu akubariki! Mimi wakanisalimia kwa kunizunguka, kama nguzo.

Nikamwita ashuke. Nikamwambia amechoka, nipande mimi. Akashuka, nikapanda, nikagonga nyundo kwa nguvu ili nisikike. Kundi la pili likapita. Wakamtazama Dobi aliyeshika ngazi. Madam Mtandao akawaambia, mnaona wanangu? Huyu hataki hata kuonekana, amekubali kukaa chini ili mwenzake apande. Huo ndio uongozi!

Nikashuka mbio. Nikasema ngazi nitashika mimi. Dobi akasema hapana kaka, wewe endelea, mimi nimeshaishika. Nikaishika. Akaishika. Tukabaki sote wawili chini tumeikumbatia ngazi, juu hakuna mtu, na matone ya kwanza yameanza.

Mke wangu akatoka. Akatutazama mmoja mmoja. Akafunga kanga kiunoni, akasema nipisheni, akaninyang'anya nyundo, akapita katikati yetu akapanda. Misumari ameibana mdomoni, kama fundi aliyezaliwa na kazi hiyo! Pa, pa, pa. Basi lilikuwa linatoka getini. Likasimama. Madirisha yote yakafunguka. Makofi, vigelegele, honi! Mrefu alitoa kichwa nje, analia, anaita, Mama! Mama! Rais wa wanafunzi akasema hakuona kiongozi kama huyo wiki nzima.

Naandika haya jikoni. Nje inanyesha kweli kweli, ndani hakuna hata tone. Chai ya moto iko mbele yangu. Mke wangu anaimba wimbo wa kwaya, na kila mwenye kupita anagonga dirisha kumpongeza. Namshukuru Mungu kwa yote.

Ila naomba nielezwe jambo moja. Ngazi ile ilisimama kwa nguvu za nani? Dobi anawaambia watu eti tuliishika pamoja. Pamoja! Yeye alishika mguu wa kushoto, ulioegemea ukuta. Wa kulia, wenye uzito wote, ulikuwa wangu.