Katiba Iliyotiwa Bizari

Jumatatu, 4 Machi 2019. Kewanja.
Alhamdulillahi! Machage, mwenyekiti wa kikundi cha wachimbaji wadogo, kaniletea katiba yao kwenye flashi. Anataka nakala kwa wanachama wote kabla ya mkutano wa Jumamosi. Nikiweza, makaratasi yote ya kikundi ni yangu, si ya Mogesi, mchapaji wa ng'ambo ya barabara. Nisipoweza, Rukaya anageuza kibanda changu cha kuchapa kuwa mgahawa. Mke wangu huyo hatanii. Keshapima pa kuweka jiko.

Jumanne, 5 Machi
Kompyuta yangu niliinunua kwa fundi aliyemaliza mkataba mgodini. Haina madoido. Kioo cheusi, maandishi meupe, na programu iitwayo tmux iliyokigawa kioo vyumba viwili kwa mstari wa wima. Kushoto nimefungua katiba. Kulia nimeandika mapishi ya pilau la Rukaya, kama alivyoniamuru, maana atakayepikia mkutano ni yeye. Shida: katiba ni ndefu kuliko usiku wa mgonjwa, na kioo kinaonyesha kipande tu. Nikinakili, napata kipande.

Mogesi akapita na shikamoo yake ya asali. Eti, Mzee Faridu, kipanya hakijui kuwa ule mstari ni ukuta, ukikiburuta kinazoa vyumba vyote viwili. Nibonyeze Kontroli na B, kisha Z, chumba kimoja kijae kioo kizima. Halafu Kontroli na B tena, na mabano ya mraba, nizoe katiba yote toka juu hadi chini. Nikamshukuru. Moyoni nikasema audhubillahi! Mshindani gani anakupa ufunguo wa riziki? Lazima hiyo B inafuta.

Alhamisi, 7 Machi
Nimebuni njia yangu. Naburuta kipanya, nabandika, nasogeza ukurasa, naburuta, nabandika. Kutwa nzima! Kidole kimevimba kama andazi. Umeme ukakatika, ukarudi, nikachapa haraka kabla haujabadili nia. Sikusoma tena. Mtu akishatia nia njema, kurudia kusoma ni wasiwasi, na wasiwasi unatoka kwa shetani. Mogesi akachungulia mlangoni kuuliza kama nilibonyeza B. Nikamjibu B ya kwangu ni Bismillahi, inatosha.

Jumamosi, 9 Machi
Ya Rabi, nifiche! Machage kasimama na koti lake, akasoma kwa sauti ya kuita ng'ombe: "Mwanachama atakayeficha mawe ya dhahabu, menya, katakata vipande vinne. Ataitwa mbele ya kamati, kaanga hadi kahawia. Akikana kosa, ongeza chumvi, funika."

Akafunua ukurasa wa pili. Vitunguu vile vile! Katiba ilikuwa inasogea, pilau limesimama pale pale. Kila ukurasa kuna kiongozi anachaguliwa na kukaangwa upya. Mhazini alitiwa bizari mara mbili.

Machage akanigeukia kwa Kikurya chake: mura, kijana wee, unatuchapia au unatupika? Heche, mchimbaji wa duara la tatu, yaani shimo la tatu, akacheka mpaka akashika tumbo. Akapendekeza adhabu ibaki hivyo hivyo, wezi watakoma. Mwingine akauliza pilau lenyewe liko wapi, maana limetajwa kila ukurasa. Rukaya akafunua masufuria. Sahani hazijaisha, kura imepigwa: makaratasi kwa Mogesi, chakula cha kila mkutano kwa mke wangu. Nami nikala. Lilikuwa tamu, sitasema uongo.

Jumatatu, 11 Machi
Jiko limeingia. Rukaya, Mungu amlipe, kaniachia kona karibu na gunia la mkaa, niandike karatasi ya vyakula ya kubandika ukutani. Kasema hii nafasi ya mwisho, Baba Ikram, nikiharibu kompyuta inauzwa.

Mogesi kaja kunywa supu. Karudia wimbo wake, kwa upole kabisa: Kontroli na B, kisha Z. Leo nimemgundua! Anataka nibaki na chumba kimoja, kama mpangaji. Kosa langu halikuwa ukuta. Vyumba vilikuwa vichache! Fundi aliniachia amri ya kuongeza, nimeiandika. Sasa ninavyo vinne: vyakula, bei, mawaidha ya Ijumaa, na tangazo la msiba nililoombwa na watu wa Ringwani. Nitavizoa vyote kwa mkono mmoja, nichape, nibandike kabla wateja wa mchana hawajafika.

Kusoma tena sisomi. Bismillahi, naburuta.