Talasimu Kwenye Udongo Wangu

Leo nimeadhirika, jamani. Tena mchana kweupe, mbele ya timu mbili.

Wengi wenu mnaijua kazi yangu hapa shuleni Kibiti. Mimi ndiye mtunza uwanja wa besiboli, ule mchezo wa rungu na mpira mdogo aliotuletea Mwalimu Kenji, Mjapani wa kujitolea. (Glavu tulizipata kwenye robota la mitumba. Siku hizi biashara huria, kila kitu kinaingia.) Katikati ya uwanja hakuna nyasi, ni udongo mtupu, na udongo huo ndio heshima yangu. Nimebomoa vichuguu, nimetwanga, nimechekecha, nimechanganya na mchanga wa mtoni. Kila asubuhi naumwagilia na kuuburuzia springi za kitanda kibovu mpaka unalala kama sakafu.

Wiki hii mpira ukaanza kudunda ovyo. Juzi ulimrukia kapteni wetu puani. Mwalimu Kenji akaniita pembeni.

"Bwana Seif, mechi na shule ya Mkongo ikiharibika, uwanja nampa Mshamu."

Mshamu! Mfagiaji wa ofisi, anayeinyemelea kazi yangu tangu masika!

Nikachunguza. Kila nikirudi kutoka swala ya adhuhuri na usingizi wangu mfupi (si mfupi sana), nakuta vishimo vinne, pembe nne. Katikati yake, alama za miraba midogo midogo. Na punje za mpunga! Nyie, pembe nne, miraba, punje. Hiyo ni nini kama si talasimu ya mchawi? Nikajua Mshamu kala njama na watu wa Mkongo. Hata alivyonisalimia asubuhi ya leo, "Habari za uwanja?", nilishtuka. Nani huuliza habari za uwanja?

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. (Jana alipopakua nilimsifia ubwabwa tu, kwamba siku hizi hauna mchanga hata chembe. Akasema nimshukuru mama yake, ndiye anayetuletea mchele. Nikashukuru, nikaongeza sahani.)

Leo adhuhuri nikaaga kwamba naenda kuswali. Mungu anisamehe, nilikwenda kujificha nyuma ya lundo la udongo, na ndoo ya maji niliyoyatia chumvi ya mawe, maana mchawi na chumvi hawapatani. Kapteni nilimwambia awaweke wachezaji nyuma ya darasa. Nikipiga ukelele, watoke wawe mashahidi.

Haukupita muda, mtu akaja. Kajifunika kanga gubigubi, mzigo kichwani. Nikasema moyoni, Mshamu kavaa kanga, ujanja huo! Akatua mzigo katikati ya udongo wangu, akanipa mgongo, akainama, akawa anapangapanga vitu chini huku ananong'ona.

Nikatoka mbio. "Mchawi! Leo nimekukamata!"

Ndoo nzima, mgongoni.

Wachezaji wakatoka. Wa Mkongo nao wakaja, lori lao ndiyo kwanza limefika. Mwalimu Kenji huyo. Na Mshamu huyo, anatokea ofisini, fagio mkononi.

Nikamtazama Mshamu. Nikaitazama kanga. Kama Mshamu yuko kule, huyu ni nani?

Akageuka. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu! Mtu ambaye nikimwona njiani napisha, ambaye tangu nioe sijathubutu kumkodolea macho! Maji yanamchuruzika mpaka kidevuni. Kinywa changu kikatoa kitu kimoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." (Adabu yake hiyo ndiyo iliyonimaliza.) "Mie napiga bismillahi nianike mpunga. Hapa hapana changarawe, wala kuku. Huo ubwabwa muusifiao, mwadhani waanikwa wapi?"

Nikaangalia chini. Jamvi. Mawe manne pembeni, upepo usilibebe. Na ule msuko wake, miraba midogo midogo. Mimi niliyezaliwa juu ya jamvi, nimeshindwa kuijua alama ya jamvi!

Kisha Mshamu, taratibu kabisa, kutoka kule kule:

"Bwana Seif, habari za uwanja?"

Walicheka mpaka wa Mkongo wakakaa chini. Mechi ikachelewa, timu mbili zimepiga magoti kwenye tope la chumvi zinaokota mpunga wa mkwe wangu. Mwalimu Kenji hakunigombeza. Alizichukua springi zangu za kitanda, akamkabidhi Mshamu. Roho imeniuma, sifichi.

Kesho napeleka doti ya kanga kuomba radhi. Mke wangu kaniambia mama kalihamishia jamvi uani kwake, kwenye changarawe na kuku, na mchele utakaotoka huko nitaula mimi peke yangu. Kwa hiyo, atakayecheka ajiandae, nitamkaribisha chakula.