Wageni Ishirini na Watatu wa Bundi Wangu

Nimeaibika leo, tena nyumbani kwangu, kwenye viti nilivyoazima mwenyewe.

Mnajua kazi yangu: natafiti bundi. (Ndiyo, mpaka leo. Ndiyo, mama bado analia.) Huu ni mwaka wa nne niko Kikwe, peke yangu, na darini kwangu kuna familia ya bundi wanaomaliza panya wa mashamba yote haya. Shukrani yao ni kupigwa mawe. Nisipopata watu wa kujitolea kulinda viota msimu huu, kazi imekwisha, narudi mjini. Mara tatu nimeitisha kikao. Mara tatu nimekula maandazi peke yangu.

Leo nimeitisha cha nne, na saa tisa alasiri nikasikia hodi. Mama Neema, jirani yangu, na nyuma yake watu! Kina mama, kina baba, hadi mzee wa kanisa. Nikahesabu ishirini na watatu. Nusura nilie.

"Shikamooni! Karibuni sana!"

"Marahaba, mwanangu," Mama Neema akajibu. "Tumeona tusikuache peke yako na jambo hili."

(Miaka minne nasubiri mtu aniambie hivyo!)

Nikazungusha daftari: jina, na utasaidia nini. Wote wakaandika. Nikahutubia kuhusu bundi na panya, nao wakanitazama kwa huruma. Nikafikiri wameguswa. Basi nikatoa kidonge cha manyoya na mifupa, kile bundi anachotapika akishakula.

"Hiki nimekitoa humu humu ndani," nikasema kwa fahari.

"Yesu!" mama mmoja akapiga kelele.

Mzee wa kanisa akasimama. "Umekiri mwenyewe, binti yangu. Sasa piga magoti."

Ndipo nikachungulia daftari. *Maombi. Kufunga siku tatu. Kukemea.* Mama Neema: *Kumtafutia mume.*

Nikapiga magoti. (Ungefanyaje, na wamezingira mlango?) Wakaniwekea mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Sijui mara ya mwisho kushikwa na mtu ilikuwa lini. Nikalia kweli kweli, nao wakazidisha sauti, wakijua pepo anatoka.

Mwishoni mzee akaniuliza taratibu, "Vipi mwanangu, umefunguliwa?"

Nikamwambia bado, tena pengine warudi Jumamosi, wote. Na atakayecheka, aje akae Kikwe peke yake.