Mhunzi, Glavu na Friji Isiyo na Ubovu

Jumatatu, 3 Machi
Nimeazima riwaya! Mimi, fundi friji, ambaye tangu shule sijasoma kitu kirefu kuliko maelekezo ya kompresa. Sababu ni Dada wa Maktaba, yule mjane anayetunza kabati la vitabu kanisani na kucheka kwa macho. Aliwaambia wanakwaya kwamba mwanamume atakayekielewa kitabu hiki, huyo yuko tayari kuketi naye wazungumze. Seremala, mwimba besi anayenukia vanishi, alisikia pia. Nikamuwahi kabatini. Nakala ni moja tu. Ha!

Mpango: nisome chapuchapu, sala zote zilizomo niziruke, nimpose kabla Seremala hajafungua mdomo.

Jumanne, 4 Machi
Hadithi ya enzi za magari ya farasi. Mhunzi anampenda mwalimu aliyefiwa na mume. Nimefika katikati na hawajafanya lolote ila kushikana mikono kwenye ngazi za kanisa. Tena na glavu! Nikakasirika. Halafu nikaurudia ukurasa. Nikaurudia tena. Mwalimu anafika nyumbani, anaivua ile glavu, anailaza peke yake kwenye droo... Mwandishi huyu ni hatari.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Nilikuwa nasoma karakanani, mhunzi akimtengenezea mwalimu lango kimyakimya, bila kungoja hata asante. Machozi yakanitoka. Mama muuza samaki akanikuta. Nikamwambia gesi imeniingia machoni. Akatimua mbio, akatangaza mtaa mzima kwamba karakana inavuja. Hakuna mteja aliyekanyaga tena. Nikasoma kwa raha zangu.

Seremala alichungulia, akauliza kitabu kikoje. Nikamwambia kinachosha, asijisumbue. Mungu anisamehe, sijawahi kusoma kitu kizuri hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemaliza! Mhunzi anasimama mlangoni, kofia mkononi, anasema tu, "Nimekuja kuposa." Mwalimu anafungua mlango, basi. Hakuna busu, hakuna ngoma, na bado nilizunguka chumbani nikishangilia mpaka dada yangu akauliza kama nina homa. Nimekipenda kitabu hiki, sioni haya kusema.

Nitafanya vilevile. Neno kwa neno.

Jumamosi, 8 Machi
Nilivaa shati la sherehe. Kofia sina, nikashika helmeti ya pikipiki. Nikabisha hodi kwa Dada wa Maktaba. Akafungua. Nikasema: nimekuja kuposa.

Macho yake yakacheka. Akasema karibu fundi, friji iko jikoni.

Kupoza! Amesikia kupoza! Ningefanyaje? Nilikunja mikono ya shati la sherehe nikalala sakafuni nyuma ya friji. Ajabu: ilikuwa inapoza vizuri kabisa. Nikamwambia haina ubovu wowote. Akasema anajua.

Akanipa chai. Akasema hata yule mwalimu kitabuni alijifanya hakusikia mara ya kwanza, maana alitaka kulisikia neno lile tena. Akaningoja. Mimi sikukumbuka mahali hapo hata kidogo. Itakuwa kwenye zile sala nilizoziruka. Nikamsifia kompresa yake, nikaaga.

Jumapili, 9 Machi
Nimewaza ibada nzima na nimeng'amua kosa. Kosa ni kazi yangu! Fundi friji akisema kuposa, nani asisikie kupoza? Anatakiwa mtu ambaye hapozi kitu chochote. Baada ya ibada nikamwomba Seremala awe mshenga wangu: aende kwa Dada wa Maktaba, asimame mlangoni, aseme yale maneno kwa ile sauti yake ya besi.

Alikubali papo hapo. Hata sikumbembeleza! Nilimdhania vibaya, kumbe ana moyo wa dhahabu. Ameomba akisome kitabu kwanza ili ajiandae, nikamkabidhi. Nikamshauri kindugu aziruke sala, zitampotezea muda.

Amesema ataanza na hizo. Mshamba kweli!