Mkeka wa Kibibi na Jumba la Nyangumi

Jumatatu, 7 Agosti 1967

Nimealikwa Hawaii! Bi Greta, mgeni wa hoteli yetu hapa Diani anayepiga picha hata kaa, ana jumba la makumbusho kwao. Ndani mna mifupa ya nyangumi na majoho ya manyoya ya ndege, ya wafalme wa visiwa vya Polinesia. Nilikuwa namwagilia maua. Akasema lazima siku moja nije nione. Lazima! Kiingereza nimejifundisha kwa kusoma makopo, lakini neno hilo nalijua.

Karisa, mwosha sahani, akacheka. Ati wageni hukaribisha hata paka. Kijicho! Huyu juzi alinikuta nikila, nikamwambia karibu, naye akakaa akala! Mtu mzima hajui kuwa hapo hujibiwa "starehe", ukapita zako?

Jumanne, 8 Agosti

Nimeacha kazi. Mtu haendi kwa wafalme na mpira wa maji mkononi. Meneja hakuuliza hata sababu. Fidhuli!

Nimemwambia Kibibi nauchukua mkeka wa harusi yetu, aliosukiwa na marehemu mama yake kule Funzi. Siwezi kulala sakafuni kwa watu. Akasema, "Baba Mwanafatuma, mkeka huo usiporudi, nawe usirudi." Mke wa msafiri huyo!

Alhamisi, 10 Agosti

Mtaa mzima unanituma. Mzee Shehe ataka jino la nyangumi, dawa ya mgongo. Karisa kauliza mbele ya watu nitapanda ndege kwa tikiti ya nani. Swali la kipumbavu! Aliyekaribisha si ndiye ajuaye?

Ijumaa, 11 Agosti

Bi Greta kaondoka leo. Nilimwahi mlangoni nimevaa kanzu, mkeka begani, kikapu cha mabumunda ya kula njiani mkononi. Akaukunjua mkeka, akaupapasa, akausifu. Nami kwa adabu nikasema, ni wako. Mwenye malezi hujibu, ahsante, ubaki nao, nawe ukaukunja. Basi! Huyu akatokwa na machozi. Akasema utatundikwa ndani ya kioo, kando ya majoho. Akautia garini, kiti cha nyuma, mahali pangu! Mabumunda pia. Akanishika mkono, akarudia kuwa lazima siku moja nije. Gari hilo likaenda.

Nyuma yangu nikasikia maji. Karisa! Ameshika mpira wangu. Ndiye mtunza bustani sasa. Akaniambia, "Karibu, Haji, unawe uso." Sikumjibu starehe.

Jumamosi, 12 Agosti

Nimelala barazani. Saruji ina uadui. Nimemweleza Kibibi kupitia dirishani kuwa mkeka wa mama yake utatazamwa na mataifa. Akajibu kuwa mama aliusuka ulaliwe. Kisha akafunga dirisha. Wote hawa hawana shukrani!

Jumatatu, 21 Agosti

Kibibi kanirudisha ndani, kwa sharti nifanye kazi. Naosha sahani, kazi aliyoiacha Karisa. Yeye hupita jikoni akinukia asumini. Sahani moja nimeivunja kwa makusudi.

Lakini leo! Mgeni kutoka Uswidi kasifu ninavyozing'arisha. Kwao kuna jumba la mifupa ya dubu. Akasema lazima nije. Huyu si kama Bi Greta. Huyu alilisema neno hilo mara mbili. Kesho asubuhi namuaga meneja.

Nyumbani umebaki mkeka mmoja. Kibibi ameukalia tangu magharibi, hataki kunyanyuka.